Bahasha Niliyoifungua

Nimekaa vyuoni karibu miaka sita, vijana wangu, na sijawahi kuvuka lango la chuo hata mara moja. Nilikuwa nje, kwenye gari, pamoja na madereva wenzangu wa kila taifa, tukingoja mabinti wa watu wasome. Kwa hiyo mkiniona naingilia mazungumzo yenu hapa Voi, ninyi mlio kwenye vyuo vya diploma na mnaotamani kuhamia chuo kikuu, msidhani mzee anajitia tu. Mambo ya kuhama chuo nayajua kwa upande wa nje, na upande wa nje una mambo yake.

Nilikwenda Saudia miaka ile ambayo kila ukuta wa Mombasa ulikuwa na tangazo la kutafuta madereva. Nikapelekwa Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kwa familia ya Abu Fahd. Huyo ndiye aliyekuwa kafili wangu, mwajiri aliyeniingiza nchini, na jina lake ndilo lililokuwa kwenye ikama yangu, ile kadi ya ukaazi ambayo bila hiyo wewe si mtu. Nilimwita baba, ingawa tulilingana umri. Mkewe nilimwita madam. Mimi naitwa Yosefu, wao wakaniita Yusuf, na sikuona sababu ya kubishana.

Kazi yangu hasa ilikuwa binti yao, Abir. Wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kuendesha gari kule, kwa hiyo msichana akitaka kwenda hata dukani lazima apatikane mwanamume wa kumpeleka. Abir alikuwa akisoma kompyuta katika kuliya ya jamii, chuo cha miaka miwili ambacho wanaokosa alama za chuo kikuu huanzia hapo. Nilimpeleka saa moja asubuhi, nikamrudisha saa nane mchana, na katikati nilingoja.

Mnaniuliza barabara za kule zikoje. Barabara ni nzuri, hazina neno. Kuendesha si kazi, kungoja ndiyo kazi. Dereva mgeni huegesha popote penye nafasi, halafu saa tano jua likimfuata anaanza kuhangaika. Mwenyeji huegesha upande wa magharibi wa ukuta asubuhi, pua ya gari ikitazama nje, na kabla kivuli hakijaisha ameshahamia nyuma ya jengo la mitambo ya umeme. Usukani unaufunika kwa taulo. Kile chuma cha mkanda wa kiti cha nyuma unakifunika pia, maana binti akikigusa kikiwa kimepikwa na jua, kelele zake utazisikia wiki nzima.

Siku yangu ya kwanza pale langoni nilifanya kosa ambalo bado likinijia najifunika uso. Askari wa lango alikuwa na kipaza sauti cha kuwaita wanafunzi. Nikamwendea nikasema kwa sauti yangu ya Kitaita iliyozoea kuita ng'ombe, "Abir! Namtaka Abir wa Abu Fahd!" Madereva wote wakageuka. Askari akaniangalia kama mtu aliyevua shati kanisani. Abir alipotoka aliingia garini, akafunga mlango kwa nguvu, na hakunisemesha siku mbili.

Aliyenifunulia ni Hamisi, Mdigo wa Kwale aliyekuwa dereva wa nyumba ya jirani, naye akileta binti wao kuliya hiyo hiyo, na alikuwa ameshakaa Riyadh miaka kumi. "Wewe nawe, Yosefu!" akaniambia huku akicheka hadi akashika mbavu. "Wewe watangaza jina la binti wa watu mbele ya wanaume? Huoni kadi hapo kwenye kioo cha gari lako? Kila msichana ana nambari. Wasema nambari, wanyamaza, wangoja."

Nambari ya Abir ilikuwa arobaini na saba. Nimesahau nambari za simu za ndugu zangu, lakini hiyo sijaisahau.

Hamisi alinifunza mengi, na yote nilimshukuru, isipokuwa hili moja ambalo nalo lilikuwa jema. Alinifunza nakala. Alisema mgeni katika nchi ya watu lazima kila karatasi yake awe na nakala tatu: moja chini ya godoro, moja garini, moja kwa rafiki. Nilidhani ni woga wa mzee. Halafu kuna asubuhi nilisimamishwa na polisi wakati ikama yangu iko kwa kafili ikifanyiwa upya, nikakumbuka nakala ya garini. Polisi akaisoma, akampigia kafili, akasema "yalla, nenda." Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa nakala. Wenye duka la mashine za kunakili pale Al-Naseem walinijua. Nilinakili leseni, nilinakili cheti cha chanjo, nilinakili hata barua za mke wangu.

Sasa, Abir. Yule msichana alisoma, jamani. Alisoma kwenye kiti cha nyuma, akijisomea kwa sauti, hadi mimi nikajua maneno ya kompyuta ambayo mpaka leo sijui maana yake. Alikuwa na shabaha moja: amalize kuliya kwa alama za juu ahamie chuo kikuu kimoja cha serikali kule Jeddah, ambacho nafasi zake kwa wanaohamia zilikuwa chache na zikigombewa na wengi. Angeishi kwa bibi yake, mama yake madam. Mchana akitoka darasani alinipigia hesabu. "Yusuf, nikipata alama hii katika somo lile, bado naweza." Nami najibu, "Utaweza tu, madam mdogo," bila kujua ninaahidi nini.

Baba yake hakutaka. Hakuwa mtu mbaya, mniamini. Alikuwa mtu wa maneno machache ambaye aliona diploma inatosha na Jeddah ni mbali. Madam alimbembeleza mwezi mzima. Mwishowe nikamsikia akisema garini, mimi nikiwa kwenye usukani na Abir nyuma: "Utajaribu mara moja. Wakikukataa, halas, imekwisha. Hakuna mwaka mwingine." Kwenye kioo nilimwona Abir akiitikia kwa kichwa, machoni amejaa furaha na hofu pamoja.

Wiki ya kupeleka maombi ilipofika, Abir na mama yake waliruka kwenda Jeddah Jumapili, kwa sababu alikuwa na usaili Jumanne. Mimi niliachwa nichukue karatasi zake za matokeo kuliyani Jumatatu, kisha niendeshe gari hadi Jeddah na masanduku yao. Maombi yalifungwa Alhamisi saa nane mchana. Nilipewa barua ya idhini, nikaenda langoni, nikasema arobaini na saba, na baada ya muda dirisha dogo likafunguka. Mkono wa mwanamke ukanipa bahasha ya khaki, nzito, imefungwa kwa gundi, na muhuri wa buluu umepigwa juu ya mfuniko wake, nusu huku nusu kule.

Mnaona ninapoelekea. Nisubirini.

Nikakaa garini nimeishika ile bahasha, na kichwani mwangu ikaanza sauti ya Hamisi. Maisha yote ya msichana huyu yamo humu. Nakwenda safari ya siku nzima jangwani. Gari likipinduka je? Likishika moto? Karatasi moja, nakala hakuna! Nikaona ni uzembe mkubwa. Nikaenda duka langu la nakala, nikaifungua kwa wembe taratibu sana, karatasi kumi na moja, nikatoa nakala tatu za kila moja, zenye kung'aa. Halafu nikairudisha ya asili na kuibandika kwa gundi mpya, nikaukandamiza muhuri kwa kidole gumba mpaka nusu zake zikakaribiana. Nilijiona dereva bora kuliko wote Ufalmeni.

Nilitoka Riyadh Jumanne alfajiri, nikaingia Jeddah magharibi ikiadhiniwa. Abir alikuwa ukumbini kwa bibi yake, ananingoja kwa furaha kwa sababu usaili ulikwenda vizuri. Nikaweka mezani bahasha, na pembeni yake nakala tatu, kila moja na kibanio chake.

Akazitazama nakala. Akaitazama bahasha. Akapitisha kidole juu ya muhuri.

"Yusuf, umeifungua?"

"Nimekutolea nakala tatu, madam mdogo. Hata gari lingeungua, wewe ungekuwa salama."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi chini pale pale kwenye zulia akaanza kulia bila sauti, na mama yake ndiye aliyenieleza kwamba bahasha ile ilifungwa na kupigwa muhuri ili isifunguliwe na mkono wowote mpaka ifike chuo kikuu. Ikifunguliwa njiani, karatasi zilizomo hazina thamani, kwa maana nani ajuaye kama hazikubadilishwa? Vijana wangu, nilitamani sakafu ile ipasuke. Mimi niliyejiona mlinzi ndimi niliyekuwa mwizi.

Jumatano asubuhi walijaribu hivyo hivyo. Niliwapeleka, wakaingia upande wa wanawake, na baada ya dakika ishirini walitoka. Karani alikuwa ameishika bahasha kwa vidole viwili na kuirudisha. Aletewe mpya, imefungwa, kabla ya Alhamisi saa nane. Riyadh ilikuwa nyuma yetu kilomita karibu elfu moja.

Madam akasema garini, polepole, "Tutamwambia baba yako ilichanika kwenye mizigo." Alisema hivyo kwa ajili yangu. Alijua mumewe akijua dereva amefungua karatasi za binti yake, ningepewa tiketi ya kurudi nyumbani bila kujadili. Na nyumbani nilikuwa na binti yangu Wakio, kidato cha tatu, akitegemea karo yangu. Lakini pia nilijua kwamba Abu Fahd, akiambiwa ilichanika tu, atasema ndiyo hivyo, bahati mbaya, halas, na atarudi kwenye kahawa yake. Mtu husukumwa zaidi na hasira kuliko na bahati mbaya. Nikaegesha kando, nikatoka nje kwenye joto, nikampigia mwenyewe.

"Baba, mimi Yusuf. Nimefungua bahasha ya Abir. Si yeye, si madam. Ni mimi. Nilitaka kutoa nakala. Sasa wameikataa."

Nikasikia anaweka kikombe chini.

"Kwa nini ulitaka nakala?" akauliza.

"Kwa sababu ni muhimu kuliko karatasi zangu, baba."

Halafu akasema kwa ukali, "Kuliya iko wapi?"

Niliduwaa. Miaka miwili binti anasoma, na baba hajui lango liko wapi. Hakuwa peke yake, kina baba wengi kule walikuwa hivyo, ndiyo maana tulikuwapo sisi. Nikamwelekeza njia. Kufikia saa nne alikuwa amefika, na simu yangu ikaanza kulia kila baada ya dakika tano.

"Yusuf, niegeshe wapi?"

"Nyuma ya jengo la mitambo, baba. Ukutani kivuli kinakwisha saa hizi."

"Askari hanisikilizi. Nimemwambia mimi ni baba yake!"

"Kila mtu pale humwambia hivyo, baba. Mwambie arobaini na saba, kisha usiseme kitu. Na mpe kahawa, anaipenda ya iliki nyingi."

"Kahawa nitatoa wapi?"

"Muulize Hamisi, dereva wa jirani yetu, mwenye gari jeupe. Ana chupa ya chai daima, na kahawa pia."

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwamba kafili wangu, mtu mwenye ofisi na watu chini yake, alikaa zaidi ya saa tatu kwenye uwanja wa madereva, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinywa kahawa ya Hamisi na kungoja dirisha lifunguliwe. Hamisi alinipigia kwa siri akinong'ona, "Yosefu, huku pamenoga. Bosi wako atoka jasho hata ndevu zalowa. Nimempa taulo la usukani." Mimi huku Jeddah nilikuwa sijui nicheke au nilie. Saa saba na nusu mkono ulitoka dirishani na bahasha mpya.

Ndege za jioni zilikuwa zimejaa. Alipata ya Alhamisi asubuhi, nayo ikachelewa. Nilimpokea uwanja wa ndege Jeddah saa sita na nusu mchana, akatoka mbio akiwa ameishika ile bahasha kifuani kwa mikono miwili, begi hana. Akaketi mbele, kando yangu. Hatukusalimiana.

Barabara kuu ilikuwa imesimama kwa foleni. Sasa sikilizeni ninyi mnaotegemea simu iwaonyeshe njia. Kila Ramadhani familia ile ilipokuja kwa bibi, mimi siku zangu za mapumziko nilizitumia mtaa wa Bani Malik, kwenye vyumba vya Wakenya wenzangu, kula ugali. Vichochoro vya Bani Malik nilivijua kwa miguu. Nikakata humo ndani, nikapita nyuma ya maduka ya simu, nikabanana na teksi za abiria wengi, nikatokea upande wa pili. Abu Fahd alishika mlango kwa mkono mmoja na bahasha kwa mwingine.

Tulipokuwa tukingoja lori lishushe mchele ndipo aliponena.

"Yusuf. Unakaa pale kila siku?"

"Kila siku ya masomo, baba."

"Hakuna hata mahali pa kuketi."

"Kuna ndoo, baba."

Akageuka dirishani. Nilimwona akifuta uso, na nilijua si jasho, kwa sababu kipoza hewa kilikuwa kinafanya kazi vizuri.

Tulifika saa saba na dakika hamsini. Abir alikuwa nje ya lango la wanawake, peke yake juani, na nilipomwona amesimama hivyo roho iliniuma kuliko nilipomwona analia. Baba yake alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Yule mtu ambaye hangetaja jina la binti yake mbele ya wanaume hata kwa kulazimishwa, alipaza sauti uwanjani pale, madereva wote wakisikia: "Abir! Abir, nimeileta!"

Msichana aliichukua akakimbia.

Majibu yalikuja baada ya majuma matatu. Nilikuwa naosha gari pale kwa bibi, nikasikia dirisha la juu likifunguliwa kwa kishindo na bibi kizee akipiga vigelegele kama vya kwetu kabisa. Nikajua. Nikakaa chini kwenye maji ya sabuni, suruali ikalowa, sikujali. Walimkubali, ingawa baadhi ya masomo yake ya kuliya hawakuyahesabu na akalazimika kuyarudia nusu mwaka. Hapo ndipo ninapowaambia ninyi wa diploma: msiulize mnakotoka masomo gani yatahesabiwa, ulizeni mnakokwenda, na ulizeni mapema, mwaka wa kwanza, si wiki ya mwisho.

Tiketi ya kurudishwa nyumbani sikupewa. Nilihamishwa Jeddah nimwendeshe Abir na bibi yake. Siku ya kuanza masomo nilifungua buti nikakuta kiti cha kukunja, kipya, cha kitambaa cha kijani, chenye mahali pa kuwekea kikombe. Abu Fahd ndiye aliyekiweka. Nilikikalia kiti hicho mpaka kikachanika.

Abir alimaliza, akapata kazi ya ofisi. Kisha ukafika mwaka ambao wanawake waliruhusiwa kuendesha, naye akawa miongoni mwa wa kwanza mtaani kuchukua leseni. Nilimfundisha mimi kuegesha. Macho yangu wakati huo yalikuwa yameanza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho, taa za magari nikiziona mbili mbili, na nikamwambia baba ukweli kwamba muda wangu umefika.

Siku ya kuondoka, aliyenipeleka uwanja wa ndege ni Abir. Yeye kwenye usukani, mimi kando, nikikanyaga breki isiyokuwapo kila tulipokaribia gari. Alicheka njia nzima. Tulipofika alizima gari, akafungua mkoba, akatoa bahasha. Nyeupe, imefungwa kwa gundi, na juu ya mfuniko muhuri wa ofisi yake, nusu huku nusu kule.

"Hii ni ya mwajiri wako atakayefuata," akasema. "Nimemweleza wewe ni nani. Ni yeye tu atakayeifungua. Umesikia, Yusuf?"

Tukacheka sote wawili, halafu tukaacha kucheka. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kwa macho haya hakuna mwajiri atakayefuata.

Imo nyumbani kwangu hapo, kwenye sanduku la bati, chini ya pasipoti. Mama Wakio huitoa kila mara akisafisha, huiinua kwenye mwanga wa dirisha na kunilalamikia. "Utaajiriwa na nani tena na macho hayo, Baba Wakio? Fungua tujue huyo msichana alisema nini juu yako." Namwambia airudishe mahali pake. Nami pia natamani kujua, nisiwadanganye, kuna siku natamani sana. Lakini muhuri wake bado ni mzima. Karatasi zangu zote nina nakala tatu tatu, mpaka za barua za mke wangu, na ya hiyo sina hata moja.